Noti ya dola 50 ndani ya bahasha ya fungu la kumi

Noti yenyewe ilikuwa ya dola 50, ya kichwa kikubwa, yaani toleo lenye picha kubwa ya kichwa, safi mbele na nyuma. Kasoro ilikuwa pembeni: mpasuko mfupi, usiofika urefu wa ukucha, uliozibwa kwa gundi na mtu aliyejua kazi yake. Mgeni angeipokea bila kufikiri. Mtu wa Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, akishaigundua, swali linalomjia ni moja tu: nitampa nani?

Katika muda usiozidi wiki mbili noti hiyo ilitoka kwa mteja wa vitenge ikaenda kwa mama mwenye duka, kwake ikaingia kanisani, kanisani ikalipwa kwa fundi mwashi, na kwa fundi ikagota kwenye dirisha la duka la dawa. Ukimtoa yule mteja, ambaye hakuna anayemjua, wote walioishika ni watu wa ibada. Mama ni shemasi. Mhasibu wa kanisa anaimba kwaya tangu utoto. Fundi ni Mwislamu asiyekosa sala ya alfajiri. Hakuna hata mmoja ambaye ungethubutu kumwita tapeli, na kwa sababu hiyo naona kisa chao kina mengi ya kutufundisha kuliko visa vya matapeli. Wamekubali nikisimulie, mradi majina yao na la kanisa yabaki nje.

Ilivyokuwa

Miezi ile benki za mji zilikuwa zimefunga. Tangu Goma iingie mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, milango ya benki ilikuwa imefungwa na noti zilizokuwa mtaani zikabaki kuzunguka zile zile, mkono kwa mkono, bila mpya kuingia. Mwenye akaunti alivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, au alitoa pesa kwa simu na wakala akakata asilimia yake. Dola nzuri ikawa kitu cha kufichwa chini ya godoro. Dola yenye kovu ndiyo iliyotembea.

Mama Shemasi anauza vitenge Birere, mtaa wa biashara, upande wa njia iendayo Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda. Jioni moja, umeme ukiwa hakuna, mteja alichagua kitenge cha yadi sita, akatoa dola 50, akarudishiwa chenji na kwenda zake. Nyumbani, kwenye taa ya simu, binti yake ndiye aliyehisi gundi kwa kidole. Kesho yake mbadilisha pesa wa kando ya barabara, tunayemwita kambisti, aliigeuza na kusema 40. Muuzaji wa jumla hakutaka hata kuishika. Mama aliiweka ndani ya Biblia yake hadi Jumapili, kisha akaihamishia kwenye bahasha ya fungu la kumi. Juu ya bahasha aliandika jina lake na kiasi: dola 50.

Jumatatu mhasibu alifungua bahasha mchana kweupe, akauona mpasuko. Jina la mtoaji lilikuwa mbele yake. Hakusema kitu. Aliandika 50 kwenye daftari na kuitia noti chini ya rundo.

Jumamosi ilikuwa siku ya kumlipa fundi aliyejenga ukuta wa kiwanja cha kanisa kwa mawe ya volkano. Alidai dola 120. Mhasibu alihesabu mbele yake, ile ya 50 ikiwa katikati, si juu wala chini. Fundi alihesabu tena, akatia sahihi kwenye risiti, akaombea kanisa baraka.

Usiku ule mtoto wake alikuwa na homa. Katika duka la dawa mhudumu aliipinda noti, akaiinua kwenye mwanga, akapitisha kidole pembeni. "Papa, hii haipiti." Fundi alikopa faranga kwa jirani, dawa ikanunuliwa, mtoto akapona. Naeleza hilo mapema ili tusikihukumu kisa kwa huruma ya mtoto mgonjwa. Hata angekuwa ananunua sigara, swali lingebaki lile lile.

Jirani alimshauri kama wote tunavyoshauriana: ingoje giza, umpe mtu wa pikipiki, au uifiche katikati ya nyingine. Fundi hakulala vizuri. Baada ya sala ya alfajiri alimuuliza sheikh wake mambo mawili: je, naweza kuitumia, na je, naweza kuirudisha ingawa nilitia sahihi? Jibu la kwanza lilikuwa hapana, isipokuwa kwa kumwonyesha anayepokea. La pili lilikuwa ndiyo.

Akapoteza siku ya kazi, akarudi kanisani.

"Papa, ulihesabu mbele yangu na ukatia sahihi," mhasibu alimwambia.

"Nilihesabu, sikukagua. Sikujua kwamba kanisa nalo hukaguliwa." Kisha akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Sheikh amenikataza kumpa mwingine. Nimeirudisha ilikotoka."

Mhasibu alipeleka jambo kwa wazee wa kanisa siku hiyo hiyo. Nadhani kilichomchoma hakikuwa zile dola. Ilikuwa ni kusikia katazo ambalo alipaswa kujipa mwenyewe likitoka mdomoni mwa sheikh wa msikiti wa jirani.

Je, noti hii ni mbovu kweli?

Mzee mmoja katika kikao alianza kwa hoja ambayo wengi wataipenda. Noti ni halali, alisema, kwa hiyo hakuna aliyemdanganya mwenzake. Wa kulaumiwa ni duka la dawa.

Kwa sheria za Marekani yuko sawa. Noti zote za dola zilizotolewa tangu 1861 bado zina thamani yake kamili, ziwe za kichwa kikubwa au kidogo. Hata iliyoungua au kuraruka vibaya inaweza kukombolewa Washington, kwenye Bureau of Engraving and Printing, idara ya serikali inayochapisha noti, ikiwa zaidi ya nusu yake ipo na inatambulika. Mpasuko wa ukucha usingehitaji safari hiyo. Kule noti ingetumika sokoni bila mtu kuuliza.

Lakini hatununui vitenge Washington. Dola iliingia kwetu kwa mlango wa shida. Miaka ya 1990 zaire, sarafu yetu ya wakati huo, ilipokuwa inayeyuka mifukoni, na mwaka 1994 mfumuko wa bei ukapita asilimia 9,000, watu waliikimbilia dola, na hata faranga ya Kongo ilipozaliwa upya mwaka 1998 haikuweza kuiondoa. Ila dola hii iko mbali na kwao. Mfanyabiashara anayeagiza mali Kampala, Dubai au Guangzhou anaogopa noti yenye kovu isije ikakataliwa au kukatwa bei huko aendako, kwa hiyo anaikataa hapa. Anayemuuzia anaikataa kabla yake. Hofu hiyo hushuka ngazi hadi kwa mama wa nyanya, ambaye hatafika Dubai maishani mwake lakini naye anapitisha kidole pembeni ya noti. Wakati huo huo faranga ya Kongo iliyochakaa, iliyoandikwa namba za simu na kuunganishwa kwa plasta, kwa miaka mingi imepokelewa bila kelele. Mpasuko ule ule, karatasi mbili, hukumu mbili.

Hapo fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ina jibu lililo wazi kuliko lile la mzee wetu. Wanazuoni wanapoeleza aibu ya bidhaa, yaani kasoro inayompa mpokeaji haki ya kurudisha, wanaitazama desturi ya wafanyabiashara: kinachopunguza thamani machoni pa wenye soko ndicho kasoro, hata kama kwa asili yake kitu hakina ubaya. Kwa kipimo hicho faranga iliyoraruka haina aibu ikiwa soko linaipokea, na dola iliyopasuka inayo. Anayejua kwamba kambisti ataipa 40 na bado akaitoa kama 50 anajua anachokifanya. Kama angeamini kweli kwamba ni 50 kamili, asingengoja giza.

Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliliandikia jambo hili kurasa nzima katika kitabu chake Ihya, pale anapozungumzia adabu za kuchuma. Kwake anayeingiza dirhamu mbovu, sarafu ya fedha ya zama zile, kati ya nzuri anamdhulumu anayeipokea, na huyo akiipitisha kwa mwingine, na mwingine kwa mwingine, sehemu ya mzigo wa wote inamrudia aliyefungua mlango. Ananukuu kauli ya wema waliotangulia kwamba kutumia dirhamu moja mbovu ni vibaya kuliko kuiba dirhamu mia, kwa maana wizi ni tendo moja lililokwisha, na ile dirhamu huendelea kuzunguka hata mwenyewe akiwa kaburini. Anamtaka mfanyabiashara ajifunze kutambua sarafu, na sababu anayotoa ndiyo inayonigusa: asije akampa mwenzake mbovu bila kujua. Sisi tunajifunza kupitisha kidole pembeni ili tusipewe. Wangapi wamejifunza ili wasitoe?

Hata hivyo sitamfuata Ghazali mpaka mwisho, wala sidhani yeye mwenyewe angetaka. Ushauri wake kwa dirhamu ya uongo ni kuitupa kisimani, na anasema kumwambia mpokeaji hakutoshi, kwa kuwa huenda anaichukua ili akamdanganye mwingine. Alikuwa anasema juu ya sarafu isiyo na fedha ndani yake. Sarafu iliyochanganywa, ikiwa ndiyo inayotumika mjini, aliiona ina ruhusa. Dola yetu ya 50 ina thamani yote mahali fulani na sehemu kubwa ya thamani mahali hapa. Kuichoma moto kungekuwa ubadhirifu. Kuiuza kwa uwazi, kwa 40, ni halali kabisa, na kambisti aliyetaja bei hiyo hadharani ndiye mtu mkweli kuliko wote katika kisa hiki. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa Kikristo, alisema jambo la jirani na hilo katika karne ya 13: muuza farasi mwenye chongo halazimiki kutangaza jicho lililokufa kama kila mtu analiona na bei imeshuka ipasavyo; kasoro iliyofichika, inayomletea mnunuzi hasara, lazima aiseme. Gundi ile iliwekwa ili kasoro ifichike. Imetuondolea ubishi wote.

Shemasi na bahasha yake

Mteja nampita haraka. Labda alijua, labda naye alipewa gizani. Hatutampata.

Mama Shemasi ana hoja, na alizitoa mbele ya mhasibu bila kulia wala kujificha, baada ya habari ya fundi kumfikia. Alisema hivi: nimedanganywa, sikumdanganya mtu yeyote sokoni, ingawa ningeweza, nilikataa kumpa mteja masikini, nikampa Mungu, ambaye hapindi noti kuangalia pembeni.

Kuna uzuri ndani ya maneno hayo na sitaki kuukanyaga. Mama huyu alipambana na jaribu siku kadhaa na kulishinda mara nyingi. Ila aliposhindwa, alishindwa mahali ambapo Maandiko yamesimama kwa ukali kuliko popote. Nabii Malaki, sura ya kwanza, anawauliza watu wa Yerusalemu wanaoleta madhabahuni mnyama kipofu, kilema na mgonjwa: hebu mpelekee liwali wako, uone kama atakupokea. Ni swali la mtu wa sokoni. Kama muuzaji wa jumla ameikataa, kwa nini Bwana aipokee? Kurani, sura ya Al-Baqara aya ya 267, inakwenda njia hiyo hiyo: msikusudie kutoa kilicho kibaya ambacho ninyi wenyewe msingekipokea ila kwa kufumba macho. Sijui aya nyingine inayoieleza jioni ya Birere isiyo na umeme vizuri kuliko hiyo.

Kosa la mama, nikilipima kwa makini, ni dogo kuliko linavyosikika. Kutoa noti yenye mpasuko kanisani si dhambi. Angeandika juu ya bahasha "dola 50, imepasuka, kambisti anatoa 40", sadaka yake ingekuwa safi, na ningeiheshimu kuliko noti mpya ya tajiri. Uongo wote ulikuwa katika tarakimu moja aliyoiandika kwa kalamu. Aliahidi 50 na kutoa 40, kisha daftari likashuhudia 50. Mtu atakumbuka Anania na Safira katika Matendo ya Mitume, na mzee mmoja aliwataja kweli. Niliona amezidisha, ingawa kuna kitu hapo: Petro hakumlaumu Anania kwa kutoa pungufu, shamba lilikuwa lake na bei yake ilikuwa mikononi mwake. Alimlaumu kwa kutoa sehemu na kuiita yote.

Na ile hoja kwamba Mungu hapindi noti? Sadaka haikai mbinguni. Inakaa kwenye sanduku la chuma, na Jumamosi inalipwa kwa mtu.

Mhasibu

Wazee wengi walimwona mama ndiye chanzo na mhasibu kama mtu aliyeponzwa. Mimi nageuza mpangilio huo.

Mama alipata noti akiwa amedanganywa, akaipeleka mahali alipodhani haitamuumiza mtu. Mhasibu aliipata akiwa na kila kitu cha kutenda haki: mwanga wa mchana, jina la mtoaji, daftari, na kambisti hatua chache kutoka kanisani. Angeweza kumwendea mama kwa utaratibu, wawili peke yao, kama Mathayo 18 inavyoelekeza: "Mama, ile ya Jumapili iko na mpasuko, tuandike 40?" Neno la dakika moja. Akaliogopa. Mama ni mkubwa kwake, alisimama na familia yao kwenye matanga ya baba yake, ni shemasi. Kwetu kijana hamwambii mama wa namna hiyo kwamba noti yake haipiti.

Kwa hiyo akanyamaza kwa heshima. Na heshima hiyo ilikuwa na bei, dola kumi, ambazo hakuzilipa yeye wala mama. Aliitafutia mlipaji. Kati ya wote waliodai kanisa mwezi ule, yaani mwenye duka la saruji, mtu wa vyombo vya muziki na fundi, alimchagua fundi. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwa unyofu ambao namshukuru: mwenye saruji angeirudisha pale pale, tena kwa kelele.

Jibu hilo ndilo kisa chote. Noti mbovu katika mji wetu haitembei ovyo. Ifuatilie utaona inateremka. Mwenye duka kubwa hapewi, kwa kuwa ataikagua. Mkopeshaji hapewi. Anapewa mfanyakazi wa nyumbani mwisho wa mwezi, dereva wa chukudu, baiskeli ya mbao ya mizigo, aliyeshusha viazi jioni, mwalimu anayelipwa kwa michango ya wazazi, fundi anayetaka kuitwa tena kazi ijayo. Hao hawaipindi noti mbele ya mtoaji, kwa kuwa kuipinda ni kumwambia bosi kwamba humwamini. Kikapu cha sadaka nacho hakina mdomo. Mama alitafuta asiyeweza kukataa akampata Mungu. Mhasibu akampata mwashi.

Wakongo wenye umri wanaijua hali hiyo kwa ukubwa wa kutisha. Januari 1993 serikali ya Mobutu iliwalipa askari kwa noti mpya za zaire milioni tano ambazo wafanyabiashara walizikataa, na Kinshasa ikaporwa. Askari wale walikuwa wamelipwa kwa hesabu, na mikononi hawakuwa na mshahara. Sisemi fundi wetu ni askari. Yeye alirudi na noti na salamu. Nasema tu kwamba malipo yasiyopita hayajawa malipo. Mambo ya Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi, na hadithi iliyopokewa na Ibn Majah inataka mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Ujira wa fundi ulilala kanisani usiku ule wa Jumamosi, ingawa risiti ilisema umetoka.

Kuhusu sahihi yake: desturi ya kuhesabu mbele ya mtoaji ni nzuri na inaondoa ugomvi wa idadi. Ukisema noti zilikuwa nne wakati ulihesabu tano, huna dai. Lakini idadi ni jambo moja na kasoro iliyofichwa ni jingine. Mtume Muhammad, katika hadithi iliyomo katika Sahih ya Muslim, alitia mkono ndani ya rundo la nafaka akakuta chini imelowa. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua. Hakuulizwa kwa nini mvua ilinyesha. Aliulizwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu, watu waione, kisha akaambiwa anayeghushi si wangu. Noti ya katikati ya rundo ni ile nafaka ya chini. Mhasibu akija kusema "sikuipasua mimi", anasema ni mvua.

Na mwenye njaa je?

Hoja nzito kuliko zote ilitoka kwa mama mmoja mzee katika kikao, ambaye hakuwa mzee wa kanisa ila alikuwa amekuja kufagia, akaruhusiwa kusema. Dola kumi, alisema, kwangu ni chakula cha siku nyingi. Ninyi mnasema hasara imezwe na aliyeigundua. Siku nikiigundua mimi, watoto wangu ndio watakaomeza.

Hakuna aliyemjibu vizuri, na sidhani kuna jibu litakalomshibisha. Ninaloweza kusema ni kwamba dini zote mbili hazimlazimishi aimeze peke yake. Zinamkataza kuificha. Kati ya kuficha na kumeza kuna nafasi kubwa ambayo Goma hatuitumii, kwa sababu tumezoea kwamba noti yenye kovu hutolewa kwa ujanja au haitolewi kabisa. Ipo njia ya kumwambia anayekudai: iko na mpasuko, utaipokea kwa ngapi? Ipo njia ya kikundi cha likelemba, yaani upatu, kukubaliana mapema kwamba noti ya namna hiyo ikiingia, hasara inagawanywa kwa wanachama wote, senti chache kila mmoja. Na aliyempa anaweza kurudishiwa, kama anajulikana. Haki hiyo ndiyo fundi aliyoitumia, na aliyerudishiwa hana ruhusa ya kukasirika. Hadithi ya Hakim bin Hizam, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, inasema wanaouziana wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka hufutwa. Najua baraka hailipii unga kesho asubuhi. Yule mama mzee alijua pia, ndiyo maana alitikisa kichwa na kurudi kwenye ufagio wake.

Ninachokataa ni mtu wa dola elfu kujificha nyuma ya hoja yake. Kanisa lenye kiwanja, ukuta na vyombo vya muziki halikuwa na njaa.

Wazee waliamua nini

Walimlipa fundi 50 kwa noti nzuri siku ile ile, na mhasibu akamwomba msamaha mbele yao. Noti yenye gundi ilipelekwa kwa kambisti, ikarudi 40. Juu ya zile kumi walibishana hadi jioni. Kundi moja lilitaka mhasibu azilipe. Jingine lilitaka mama azilipe, na yeye mwenyewe alikuwa tayari ameshazileta kwenye kitambaa. Mwishowe zilitolewa kwenye mfuko wa kanisa, na kumi za mama zikaandikwa kama sadaka mpya, siyo faini. Naona walipatia. Mhasibu alikuwa anatenda kwa niaba ya kanisa, na kanisa likikubali kubeba jina la malipo libebe na hasara yake.

Tangu wakati huo bahasha hufunguliwa na watu wawili, na mtoaji akiwa na noti yenye kasoro anaombwa aandike bei ya kambisti. Mwanzoni watu walicheka. Sasa zipo bahasha zilizoandikwa "20, inapita kwa 15", na daftari linaandika 15.

Jambo moja hawakuligusa, nami nimelirudia kwao mara mbili bila kupata jibu. Fundi alipoteza siku ya kazi kwa kurudisha noti. Kwa mwashi anayelipwa kwa siku hizo ni pesa, na aliyezisababisha anajulikana. Wazee wanasema yeye hakuzidai. Ni kweli, hakuzidai. Aliendelea na kazi, na mwezi uliofuata wakamwita tena kujenga choo upande wa nyuma, akaja. Safari hii alipolipwa alizipinda noti zote mbele ya mhasibu, moja baada ya nyingine, na mhasibu akamshikia taa. Lakini ile siku bado wanadaiwa, na bei ya siku ya mwashi Goma hakuna mzee asiyeijua.